Ramani Kabla ya Mawe ya Mipaka

(Maneno ya mazungumzo kwa wakaaji wa Mwihoko, Ruiru, juu ya haki na wajibu wa wananchi katika kupanga matumizi ya ardhi.)



Mahali hapa pana jina jema. Mwihoko, kwa lugha ya Kikikuyu, ni tumaini; na kila mtu aliyenunua kiwanja hapa alikinunua kwa tumaini. Mmoja aliuza ng'ombe wake, mwingine aliweka akiba shilingi kwa shilingi katika chama, mwingine alichukua mkopo wa sacco. Wote walitaka mahali pa kujenga nyumba na kulea watoto, au pa kupangisha vyumba vichache vya kuwasaidia uzeeni. Lakini nyumba nzuri mahali pasipo na njia, pasipo na mfereji wa maji ya mvua, pasipo na shule wala zahanati, ni nusu ya tumaini. Basi leo napenda tuulizane swali hili: ni nani aamuaye njia itapita wapi, shule itajengwa wapi, na nyumba ya orofa itasimama wapi? Na mwananchi wa kawaida ana neno gani katika shauri hilo?

Tuanze na hesabu ya watu. Katika sensa ya mwaka 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Katika sensa ya mwaka 2019 walihesabiwa watu 490,120, na Ruiru ukawa mji wa nne kwa wingi wa watu katika Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Waliongezeka katika miaka hiyo kumi ni watu 251,262. Mpate kuelewa ukubwa wa jambo hili, mji mzima wa Thika katika sensa ya 2019 ulikuwa na watu 251,407. Yaani katika muda wa miaka kumi Ruiru uliongezewa Thika nyingine. Barabara kubwa ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, mtu wa kazi za Nairobi aliona aweza kulala huku na kufika kazini asubuhi. Watu wakaja, na ardhi ikapanda bei.

Sasa tutazame hesabu ya ardhi yenyewe. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Kiwanja ambacho wengi wamezoea kununua ni futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Mwenye shamba akiikata ekari yake viwanja vinane, viwanja hivyo huchukua futi 40,000, zikabaki 3,560 tu. Tuseme viwanja vinne viko upande huu na vinne upande ule, vinatazamana. Njia ya katikati itakuwa na urefu wa futi 200. Gawanya 3,560 kwa 200, nawe utaona kwamba upana wa njia hiyo haufiki hata futi 18. Njia ya upana wa meta 9, ambazo ni kama futi 30, ingehitaji futi za mraba 6,000. Kwa hiyo ekari moja haiwezi kutoa viwanja vinane kamili na njia ya meta 9 pamoja. Lazima kimoja kipungue, na kila mtu hapa ajua ni kipi hupunguzwa: ni njia.

Na hapo bado hatujataja shule, zahanati, soko, kituo cha magari, uwanja wa watoto kucheza, wala mahali pa kuzikia. Mwenye ekari moja husema shule itatoka katika ekari ya jirani. Jirani naye asema itatoka kwa mwingine. Mwisho wa mambo shule haikutoka kwa yeyote. Gari la zimamoto likifika, halipati pa kupita; mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka barabarani; na mvua ikinyesha, maji hutafuta njia yake ya zamani, ambayo sasa ni sebule ya mtu. Hakuna aliyekusudia mabaya. Kila mmoja alikata kipande chake peke yake, wala hakuna siku ambayo wote walikaa wakatazama ramani moja. Ndiyo maana kupanga ardhi ni kazi ya jamii nzima.

Ardhi kupangwa bila wenyewe kusikilizwa si jambo geni katika nchi hii, na madhara yake twayajua. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunganisha vipande vya mashamba katika Mkoa wa Kati, na watu wengi walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vipya. Kamati za wazee ziliwekwa ili kusikiliza madai. Lakini kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, na watu wengi walikuwa kizuizini, hawakuweza kusimama shambani na kusema, "Mpaka wangu ni huu." Katika wilaya ya Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, malalamiko yalizidi hata kazi ya kuunganisha mashamba ikalazimika kurudiwa. Fikirini gharama yake: vipimo viwili, kamati mbili, na uchungu uliobaki katika jamaa nyingi. Ramani iliyochorwa bila watu haikuokoa wakati, iliupoteza.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi ya walowezi katika sehemu za Ruiru na Thika, yaliyokuwa ya kahawa na mkonge, yalinunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi, kisha yakagawanywa kwa wanachama. Hilo lilikuwa jambo la fahari. Mtu aliyekuwa kibarua katika shamba la kahawa alipata kuwa na ardhi. Lakini kugawa ni jambo moja, na kupanga ni jambo la pili. Mahali pengi kazi ya kwanza ilifanywa upesi, na ya pili ikaachwa ijipange yenyewe.

Sasa, sheria zasemaje? Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 yataja, katika kifungu cha 10, ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa yanayomfunga kila afisa wa serikali. Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 196 chaliamuru Bunge la Kaunti lifanye kazi yake waziwazi na kuwashirikisha watu. Kazi ya kupanga maendeleo ya ardhi hapa ni ya Kaunti ya Kiambu, nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yasema kwamba kuwashirikisha wananchi katika mipango ya kaunti ni lazima. Kisha kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua mahali pa sheria ya 1996. Hiyo yataka mpango wa matumizi ya ardhi utangazwe, watu wapewe nafasi ya kuusoma, na maoni na mapingamizi yao yapokewe kabla haujapitishwa.

Sheria hiyo ya 2019 yamgusa pia jirani yako mwenye kujenga. Mtu yeyote ajengaye bila ruhusa ya kaunti aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Mwenye kuomba ruhusa yampasa kuwajulisha watu jambo analokusudia, ili wenye pingamizi waseme. Lakini angalieni hapa: mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Tena mtu asiyeridhika na uamuzi uliotolewa ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti ya kusikiliza mashauri ya mipango ya ardhi. Na kutoka hapo aweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 si nyingi. Kimya cha mwananchi chaweza kugeuka kuwa ruhusa, naye asijue mpaka aione nguzo ya ghorofa imesimama mbele ya dirisha lake.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni maneno ya vitabuni. Wakubwa hufanya wapendavyo." Napenda kumjibu kwa jambo lililotokea katika kaunti yetu wenyewe. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha iliyoweka ada na kodi mbalimbali. Robert Gakuru na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, wakasema kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Aprili 2014 mahakama iliibatilisha sheria hiyo. Jaji alieleza kwamba kutangaza kwa kutimiza desturi tu hakutoshi. Yaipasa kaunti kuwahimiza watu kwa njia nyingi, kama vile makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza ya wananchi, na katika redio za taifa na za lugha za wenyeji. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani nayo ikauthibitisha uamuzi huo. Kesi hiyo ilikuwa ya ada na kodi, lakini kanuni yake ni ile ile itumikayo katika ardhi. Nayo haikuanzishwa mbali. Ilianzishwa dhidi ya serikali ya Kiambu hii hii.

Katika mambo ya ardhi na mazingira, watu wa Lamu nao wametupa mfano. Mwaka 2016 Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira ilitoa kibali cha kujenga mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe huko. Wavuvi na wakaaji wa Lamu walilalamika kwamba hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma na kuijadili ripoti ya athari za mtambo huo. Wakapeleka shauri lao mbele ya baraza la taifa linaloamua kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likakifuta kibali. Haikuwa kwa sababu walikuwa matajiri. Walikuwa wamejiunga pamoja, na walikuwa na maandishi.

Lakini kupinga peke yake hakujengi mji, nasi twahitaji pia mfano wa kujenga. Hapa karibu, katika jiji la Nairobi, mitaa ya Mukuru ilitangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mpango. Mitaa hiyo ina msongamano mkubwa kuliko wa Mwihoko, na watu wengi huko ni wapangaji. Walifanyaje hata sauti za watu wengi hivyo zisikike? Kaya ziliwekwa katika vikundi vya kumi kumi. Vikundi vidogo vikaungana kuwa vikubwa zaidi. Na kila ngazi ikatoa watu wa kuwasemea wengine. Hivyo neno la mama mwenye kibanda cha mboga liliweza kupanda kutoka mlangoni kwake mpaka mezani kwa wachoraji wa ramani. Jirani zetu wa Tanzania nao, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wameweka kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Njia ni mbalimbali, lakini shabaha ni moja: wenye kuishi mahali waulizwe kabla mahali hapo hapajagawanywa.

Yafaa sasa niseme yale ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya.

Kwanza, ombeni kuiona ramani. Nendeni katika ofisi ya mipango ya ardhi, mkiwa wawili au watatu, mkaulize kuna mpango gani wa sehemu hii, na ni ardhi ipi iliyotengwa kwa matumizi ya wote. Mkinyimwa habari kwa mdomo, andikeni barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yataka mjibiwe katika siku 21. Wekeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, jueni kalenda ya fedha. Njia na mfereji ulioandikwa katika mpango bila kuwekewa fedha hubaki katika karatasi. Kila mwaka kaunti yapaswa kuwa imepeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni kwake kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Mtu anayekuja mwezi wa Julai kuomba mfereji amekuja mezani sahani zikioshwa.

Tatu, semeni mambo yanayoweza kupimwa. Ukisimama barazani na kusema, "Barabara zetu ni mbaya," afisa ataandika, "Wananchi walilalamika juu ya barabara," na shauri limekwisha. Lakini ukisema, "Njia hii ina upana wa hatua sita, hutumiwa na watoto wa shule, na maji hutuama hapa tangu Machi mpaka Juni," umempa mhandisi kazi ya kufanya. Tembeeni mtaani mkiwa na kamba ya kupimia na daftari. Vijana wenye simu wapige picha wakati wa mvua, maana wakati wa kiangazi kila mahali huonekana pakavu.

Nne, wapangaji msikae kando. Wengi hudhani mambo ya ardhi ni ya mwenye hati tu. Lakini mpangaji ndiye anywaye maji ya kisima kilichochimbwa karibu na shimo la choo, na mtoto wake ndiye akosaye shule ya karibu. Katiba yasema wananchi. Haikusema wenye ploti. Vivyo hivyo akina mama wasikilizwe kwa nafasi ya pekee, kwa kuwa wao ndio wajuao njia ipi ina giza usiku, na mtungi wa maji unabebwa umbali gani.

Tano, mnunuzi ajihadhari na muuzaji awe mkweli. Ninyi mnaotaka kununua, msiitazame hati peke yake. Tazameni pia mahali. Kiwanja hiki kiko kandokando ya mto? Njia iliyoonyeshwa katika karatasi ipo kweli, au imejengwa vibanda? Mvua za masika za mwaka 2024 zilileta mafuriko makubwa Nairobi na katika sehemu nyingi za nchi, na baadaye watu waliokaa karibu na mito waliamriwa kuhama. Wengine walikuwa wamelipa fedha halali kwa ardhi ambayo haikufaa kuuzwa kwa kujengwa. Aliyewauzia hakuwapo siku ya maji.

Kwa upande mwingine, sitakuwa nimesema kweli yote nikiwaficha kwamba mpango mzuri waweza kumgharimu mtu. Njia ikipanuliwa, ua wa fulani utasogezwa. Mfereji ukichimbwa, kibanda cha fulani kitaondoka. Kwa ardhi iliyo mali ya mtu kwa halali, Katiba katika kifungu cha 40 yataka alipwe fidia ya haki bila kuchelewa, na hapo jirani zake wasimwache apigane peke yake. Lakini mtu aliyejenga juu ya njia ya wote, huku akijua, asitake ulinzi wa baraza kwa sababu ni rafiki au ndugu. Mkimlinda mmoja kwa namna hiyo, mtapoteza nguvu ya kumkemea mkubwa atakayeitwaa ardhi ya shule. Haki yetu mbele ya serikali hutegemea pia haki tunayotendeana sisi kwa sisi.

Nao maofisa wa kaunti nina neno kwao, kwa heshima. Mkutano uitwao siku ya Jumanne saa nne asubuhi utapata wazee wachache na vijana wasio na kazi, kwa kuwa watu wengi wa Mwihoko wakati huo wako Nairobi kazini. Itisheni Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada. Ramani iwekwe ukutani mahali watu wanapopita, ielezwe kwa Kiswahili na kwa Kikikuyu, na kila mtu aonyeshwe, "Kanisa ni hili, soko ni hili, nyumba yako iko hapa." Kisha mrudi kuwaambia watu ni maoni gani yaliyokubaliwa, na yaliyokataliwa yalikataliwa kwa nini. Mtu aliyeulizwa mara tatu asijibiwe hata mara moja, mara ya nne hatakuja, na hapo msimwite mvivu.

Ndugu zangu, bado katika sehemu hizi kuna mashamba ambayo hayajakatwa, na kwingine mawe ya mipaka hayajazikwa. Hapo ndipo nafasi yetu ilipo. Samaki mkunje angali mbichi. Kuchora mstari wa njia katika karatasi hakuhitaji zaidi ya kalamu na saa moja ya mazungumzo; kuuchora mstari huo huo baada ya miaka kumi kwahitaji tingatinga, polisi, mawakili, na machozi ya watu. Basi kabla ya mwezi huu kwisha, kila mtaa uchague watu wake wachache, wanaume kwa wanawake, wenye nyumba kwa wapangaji, waende kuiona ramani na kurudi kutusomea waliyoyaona. Tukishajua kilichoandikwa, ndipo tutakapojua la kuomba, la kupinga na la kukubali.